Tairi la kupita kwenye mawe: Namna ya kulichagua na kulitunza

SEHEMU ya tairi inayogusa ardhi ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Kwa gari la kawaida, eneo hilo hukaribiana na kiganja cha mtu mzima kilichokunjuliwa. Viganja vinne vya namna hiyo ndivyo vinavyobeba gari zima pamoja na abiria na shehena, na ndivyo dereva anavyovitegemea anapokata kona, anapopanda mlima au anapokanyaga breki ghafla.

Ni kwa sababu hii uchaguzi wa tairi haufai kuachwa mikononi mwa muuzaji peke yake. Mnunuzi anayeuliza bei tu, bila kuuliza tairi limeundwa kwa ardhi gani, kwa uzito gani na lilitoka kiwandani lini, huenda akalipa mara mbili: kwanza dukani, kisha barabarani.

Suala hili lina uzito wa pekee katika mji wa Sultan Hamud, ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi-Mombasa, mahali Kaunti ya Makueni inapopakana na ile ya Kajiado. Mji huo, uliopewa jina la Sultani Hamud bin Mohammed aliyetawala Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902, ulizaliwa na reli ya Uganda. Leo unaishi zaidi kwa magurudumu ya malori, matatu, pikapu na bodaboda.

Ukiacha lami ya barabara kuu na kuelekea upande wa Kasikeu na vijiji vya ndani, hali hubadilika upesi. Lami hufuatwa na changarawe, changarawe hufuatwa na mawe, na mara kwa mara njia hukatizwa na mkondo wa mchanga ambao mvua ikinyesha hugeuka kuwa mto. Pikapu moja inaweza kukimbia kwenye lami asubuhi na kutambaa juu ya mawe jioni, ikibeba magunia ya ndengu au makreti ya maembe. Tairi linalofaa safari ya kwanza si lazima lifae ya pili.

Ardhi kwanza, tairi baadaye

Jambo la kwanza ni kuijua ardhi. Sehemu kubwa ya Ukambani imelala juu ya miamba ya kale sana, migumu, ambayo hali ya hewa imeimomonyoa kwa muda mrefu. Kutokana nayo hubaki vipande vya mawe meupe yenye kingo kali, changarawe, udongo mwekundu na mchanga mwingi unaokusanyika kwenye mito ya msimu. Kusini zaidi, kuelekea milima ya Chyulu, kuna mawe meusi ya volkano ambayo makali yake hukata mpira kama msumeno.

Kila aina ya ardhi hudai jambo lake. Mawe makali hutaka ubavu mnene usiochanika kwa urahisi. Mchanga hutaka tairi pana linaloelea juu bila kuchimba. Udongo mwekundu ulioloa hutaka meno makubwa yaliyoachana, yawezayo kutema matope. Lami hutaka meno yaliyokaribiana, yanayogusa barabara kwa eneo kubwa na kutoa maji pembeni wakati wa mvua.

Hakuna tairi moja linaloshinda kwingine kote katika mambo hayo manne. Anayenunua hana budi kujiuliza ni wapi gari lake hutembea zaidi. Ikiwa sehemu kubwa ya safari ni lami na sehemu ndogo ni mawe, jibu ni tofauti na la yule ambaye huiona lami mara moja kwa wiki.

Kusoma maandishi ya ubavuni

Kila tairi hubeba cheti chake ubavuni. Chukua mfano wa tairi lililoandikwa 265/70R16 112S. Nambari ya kwanza, 265, ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili, 70, ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo. Yaani asilimia 70 ya milimita 265, ambayo ni karibu milimita 186. Herufi R inaonyesha kuwa tairi ni la radiali, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Sehemu inayofuata ndiyo ambayo wanunuzi wengi huiruka, ilhali ndiyo inayohusu usalama moja kwa moja. Nambari 112 si kilo. Ni alama ya uzito ambao tairi linaweza kubeba likiwa limejazwa upepo ipasavyo. Katika jedwali linalotumiwa kimataifa, 88 humaanisha kilo 560, 91 ni kilo 615, 100 ni kilo 800, 104 ni kilo 900, 106 ni kilo 950, na 112 ni kilo 1,120. Herufi ya mwisho ni kikomo cha mwendo: N ni kilomita 140 kwa saa, Q ni 160, R ni 170, S ni 180, T ni 190 na H ni 210.

Matairi ya magari ya mizigo midogo huwa na herufi C baada ya ukubwa wa rimu, kwa mfano 195R15C 106/104R. Hapa kuna alama mbili za uzito. Ya kwanza, 106, hutumika tairi likiwa peke yake kila upande wa ekseli. Ya pili, 104, hutumika yakifungwa mawili mawili, kwa kuwa pacha hawagawani mzigo sawasawa kila wakati.

Makosa ya kawaida ni kuvalisha pikapu ya mizigo matairi ya gari dogo la abiria kwa sababu tu yanaingia kwenye rimu na bei ni nafuu. Tairi kama hilo hubeba mzigo kwa siku kadhaa bila kulalamika. Kila siku hizo, nyuzi za ndani huchoka kwa joto na kupindwa kupita kiasi, hadi siku moja hupasuka gari likiwa katika mwendo wa kasi. Kipimo sahihi cha kila gari huandikwa na mtengenezaji kwenye kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva au katika kitabu cha gari, na huko ndiko pa kuanzia.

Meno ya aina tatu

Kwa magari yanayotoka nje ya lami, soko lina matairi ya makundi matatu makuu, na mara nyingi herufi zake huandikwa ubavuni. Kundi la kwanza ni H/T, yaani matairi ya barabara kuu. Meno yake yamekaribiana, hayana kelele, hutumia mafuta kidogo na hushika lami vizuri. Kwenye changarawe iliyoshindiliwa hufaa, lakini kwenye mawe makali hukatika upesi na kwenye matope hujaa na kuteleza kama sabuni.

Kundi la pili ni A/T, matairi ya ardhi mchanganyiko. Meno yake ni makubwa kiasi na yana nafasi za kutosha kutema mawe na udongo, ilhali bado yanatulia kwenye lami. Kwa dereva wa pikapu anayelala Sultan Hamud, anayepeleka mazao Nairobi na kurudi kupitia njia za ndani, kundi hili ndilo linaloafiki mahitaji mengi.

Kundi la tatu ni M/T, matairi ya matope na miamba. Meno yake ni marefu na yameachana sana, na mara nyingi huteremka hadi ubavuni ili gari liweze kujishika kwenye kingo za mwamba. Uzuri wake huonekana kwenye magenge na makorongo. Ubaya wake huonekana kwenye lami: hupiga kelele, huisha mapema, hula mafuta, na lami ikiloa breki huchelewa. Kwenye mchanga mkavu, meno hayo hayo yanaweza kuchimba shimo badala ya kulivusha gari.

Wapo wanaonunua M/T kwa sababu ya sura yake ya ukali. Hilo ni suala la pambo. Mwenye gari anayetembea lami kwa sehemu kubwa ya mwezi hulipia sura hiyo kila anapojaza mafuta.

Ubavu, nyuzi na tyubu

Kwenye mawe, tairi huharibika zaidi ubavuni kuliko kwenye meno. Meno yana mpira mnene na mikanda ya chuma chini yake. Ubavu ni mwembamba kwa sababu unatakiwa kupinda. Jiwe lililochongoka likiukata, kwa kawaida hakuna kiraka salama, kwani sehemu hiyo hujipinda kila gurudumu linapozunguka na kiraka huachia.

Hapa ndipo tofauti ya kale kati ya matairi ya radiali na yale ya nyuzi za mshazari inapojitokeza. Kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilisajili hakimiliki ya tairi la radiali mwaka 1946 na kuliingiza sokoni miaka mitatu baadaye. Katika tairi hilo nyuzi hupita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na mikanda ya chuma huimarisha sehemu inayogusa ardhi. Matokeo yake ni tairi lisilopata joto jingi, linalodumu na kushika barabara vizuri. Lile la mshazari, ambalo nyuzi zake hupishana kama mkeka, huwa na ubavu mgumu zaidi lakini hupata joto na huisha upesi kwenye lami.

Leo radiali imetawala, na mnunuzi wa tairi la mawe hutazama zaidi idadi ya plai ubavuni. Matairi mengi ya magari madogo huwa na plai moja au mbili. Yaliyoundwa kwa miamba huweza kuwa na tatu. Maandishi kama 8PR au 10PR hayamaanishi tena kuwa kuna tabaka nane au kumi za nyuzi. Ni kipimo cha nguvu kilichorithiwa kutoka enzi za nyuzi za pamba.

Kuhusu tyubu, faida ya tairi lisilo na tyubu ni kwamba mwiba wa mgunga ukiingia, upepo hutoka polepole na dereva hupata muda wa kusimama. Pancha ya meno huzibwa kwa dakika chache. Tairi lenye tyubu likitobolewa huweza kuisha upepo mara moja. Hata hivyo, rimu iliyopinda kwa kugonga mawe haishiki upepo bila tyubu, na ndiyo sababu madereva wengi wa vijijini hawajaziacha. Kulitia tyubu tairi la radiali lisiloundwa kwa ajili yake ni suluhisho la kufika nyumbani tu, kwa kuwa msuguano wa ndani huzalisha joto.

Upepo ni nusu ya tairi

Tairi ghali likijazwa upepo vibaya huwa duni kuliko tairi la bei nafuu lililojazwa vyema. Kanuni yake ni rahisi. Upepo ndio unaobeba gari. Mpira ni mfuko wake. Chukua gurudumu linalobeba kilo 500. Kwa upepo wa PSI 35, eneo linalogusa ardhi hukaribia sentimita 200 za mraba. Upepo ukipunguzwa hadi PSI 20, eneo hilo hukaribia sentimita 350 za mraba. Hesabu hiyo ni ya makadirio, kwani ubavu wenyewe hubeba sehemu ya uzito, lakini inaonyesha kwa nini gari lililokwama mchangani hutoka baada ya kupunguzwa upepo bila kusukumwa na mtu.

Kwenye mawe, upepo mdogo huliwezesha tairi kujikunja na kulikumbatia jiwe badala ya kudunda juu yake. Madereva wa magari ya magurudumu manne wenye uzoefu hushuka hadi kati ya PSI 18 na 22 kwenye mawe wakitembea taratibu, na karibu PSI 15 hadi 18 kwenye mchanga mwingi. Chini ya hapo kuna hatari ya tairi kuchomoka kwenye rimu, ila kwa rimu maalumu zenye pete ya boliti inayobana ukingo wa tairi. Ushauri huu hauhusu gari lililobeba mzigo mzito. Hilo halipunguzwi upepo ovyo.

Sharti ni kwamba upepo urudishwe kabla ya kupanda lami. Tairi lenye upepo mdogo hupinda sana kila linapozunguka, kupinda huko huzaa joto, na joto ndilo adui mkubwa wa mpira. Pampu ndogo inayotumia umeme wa betri ya gari pamoja na geji ya mkononi hugharimu kidogo kuliko tairi moja jipya.

Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, kabla ya safari. Presha hupanda kwa takriban PSI 1 kila joto linapoongezeka nyuzi 5 hadi 6 za Selsiasi. Dereva anayepima adhuhuri baada ya kutoka Mombasa, kisha akapunguza ule unaoonekana kuzidi, hujikuta asubuhi inayofuata akiwa na tairi lenye upepo pungufu.

Umri wa tairi na mtego wa mitumba

Mpira huzeeka hata ukiwa umetundikwa dukani. Jua, joto na hewa ya ozoni huukausha hadi ukapata nyufa ndogo ubavuni. Tarehe ya kuzaliwa kwa tairi husomwa mwishoni mwa mfululizo wa herufi unaoanza na DOT. Tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe: mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye tarakimu tatu tu ni la kabla ya mwaka 2000 na halifai kuwa barabarani.

Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na liondolewe likitimiza miaka kumi tangu litengenezwe, hata kama meno bado ni marefu. Ushauri huo unahusu pia tairi la spea, ambalo hukaa nyuma ya pikapu likiunguzwa na jua mwaka hadi mwaka, kisha hutegemewa siku ya dharura.

Matairi ya mitumba huvutia kwa bei na kwa meno yake ambayo huonekana bado yapo. Mnunuzi hana njia ya kujua yalibeba mzigo gani, yalitembea na upepo kiasi gani, wala kama yaliwahi kugonga ukingo wa barabara na kukata nyuzi za ndani. Anayelazimika kuyanunua na asome tarehe, akague ubavu ndani na nje akiwa amelipindua, na apitishe kiganja ndani kutafuta uvimbe, kiraka au mkunjo. Uvimbe ubavuni ni ishara kuwa nyuzi zimekatika. Tairi hilo halirekebishiki.

Kibaya zaidi ni matairi vipara yanayochongwa meno mapya kwa kisu cha moto. Yapo matairi ya malori yaliyoundwa na mpira wa ziada kwa ajili ya kuchongwa, na huandikwa hivyo ubavuni. Kuchonga tairi la matatu au pikapu lisilo na mpira huo ni kuikaribia mikanda ya chuma na kubakisha utando mwembamba kati ya upepo na mauti. Tofauti na hilo ni tairi lililovalishwa meno mapya kiwandani, ambalo likifanywa vyema hufaa magurudumu ya nyuma ya malori.

Kikomo cha meno si cha kukisia. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6. Meno yakilingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha. Kwa njia za mawe na matope, ni busara kulibadilisha mapema zaidi, kwani mpira mwembamba hutobolewa kwa urahisi.

Ipo pia historia ya karibu inayoeleza soko lilivyo. Kwa miongo kadhaa Kenya ilijitengenezea matairi katika kiwanda cha Nairobi kilichoanzishwa mwaka 1969 kwa jina la Firestone, ambacho baadaye kilikuwa cha Sameer Africa. Uzalishaji humo ulisitishwa mwaka 2016, kampuni ikisema haingeweza kushindana na bidhaa za nje za bei ya chini. Tangu hapo mnunuzi amekuwa akikabiliwa na majina mengi ya kigeni asiyoyafahamu, na hivyo maandishi ya ubavuni yamekuwa na maana kubwa zaidi kuliko jina la kampuni.

Je, tairi kubwa ni bora?

Kuna imani kwamba tairi kubwa hushinda kila kitu. Ni kweli kuwa tairi refu huinua gari na hupanda jiwe kwa urahisi. Lakini kila ongezeko lina gharama yake. Tairi la 265/70R16 lina kipenyo cha karibu milimita 777. La 265/75R16 hufikia milimita 804, ongezeko la takriban asilimia 3.4. Kipima mwendo kikionyesha kilomita 100 kwa saa, gari kwa kweli linakimbia zaidi ya 103.

Ongezeko dogo kama hilo huvumilika. Likizidi, tairi hugusa matao ya bodi usukani unapokatwa, breki hulemewa, injini huvuta kwa shida na gari huwa rahisi kupinduka kwenye mteremko wa ubavu. Matairi manne yawe ya kipimo kimoja, hasa kwa gari ambalo magurudumu yote manne huvuta wakati wote, kwani tofauti ya kipenyo huumiza gia.

Mafunzo kutoka mashindano

Kenya ina madarasa mawili makubwa ya matairi. La kwanza ni Rhino Charge, lililoanza mwaka 1989 kuchangisha fedha za shirika la Rhino Ark kwa ajili ya ua wa kuhifadhi msitu wa Aberdare, ambao ulikamilika mwaka 2009. Washindani hutakiwa kufika vituo 13 katika muda wa saa 10, na mshindi si mwenye mbio bali aliyetembea umbali mfupi zaidi. Kwa kuwa njia fupi hupita juu ya magenge na ndani ya vichaka vya miiba, ubavu wa tairi na upepo wake huamua mengi kuliko nguvu za injini.

La pili ni Safari Rally, iliyoanzishwa mwaka 1953 na kurejea katika mashindano ya dunia mwaka 2021 baada ya kukosekana tangu 2002. Hapo magari yenye ufundi wa hali ya juu husimama kwa pancha iliyosababishwa na jiwe moja lililofichwa na vumbi. Madereva wanaofika mwisho ni wale wanaojua mahali pa kupunguza mwendo. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na kwenye mawe msemo huo ni kanuni ya ufundi: tairi linalogonga jiwe polepole hujikunja, linalogonga kwa kasi hubanwa kati ya jiwe na rimu na kukatika.

Magari madogo, somo lile lile

Kanuni hizo hujirudia katika mchezo wa magari madogo yanayoongozwa kwa rimoti na kutambaa juu ya miamba. Mengi huundwa kwa kipimo cha moja kwa kumi, na rimu zake zilizoenea zaidi ni za inchi 1.9. Mashabiki wake hujadili matairi kwa bidii kuliko wenye pikapu, na kwa sababu nzuri: katika gari la namna hiyo, kubadilisha matairi huleta tofauti kubwa kuliko kubadilisha mota.

Swali lao la kwanza ni sura au uwezo. Tairi la milimita 777 likipunguzwa mara kumi huwa na kipenyo cha milimita 78 hivi. Matairi yanayopendwa kwa kupanda miamba huzidi milimita 100. Anayetaka gari lake lifanane na pikapu halisi huchagua tairi dogo na jembamba, akikubali kushindwa na baadhi ya mawe. Anayetaka kupanda huchagua kubwa, akipoteza mfano wa gari halisi.

Swali la pili ni ulaini wa mpira. Kitu kikipunguzwa mara kumi kila upande, uzito wake hupungua mara elfu, lakini eneo linalogusa ardhi hupungua mara mia tu. Hivyo gari dogo hukandamiza ardhi kwa sehemu moja ya kumi ya nguvu ya gari kubwa. Mpira mgumu hauwezi kujikunja kwa msukumo huo hafifu, na ndiyo maana matairi hayo hutengenezwa kwa mpira laini sana unaonata kidoleni.

Ndani yake kwa kawaida hamna upepo uliofungiwa, bali sifongo, na hewa hupita kwenye kitundu cha rimu. Sifongo laini mno huliacha tairi likunjike na kuliangusha gari kwenye mteremko wa ubavu. Gumu mno huliacha lidunde. Wengi hutumia sifongo ya tabaka mbili, ngumu ndani na laini nje. Kwenye vumbi la udongo mwekundu, ambalo hufunika mawe kama unga, tairi lenye michirizo mingi midogo hushika vizuri, na kulisafisha kwa maji baada ya mchezo hurejesha mnato wake.

Watoto wa Ukambani, kama wenzao kote Afrika Mashariki, wamelijua somo hili bila duka. Magari yao ya waya huvalishwa magurudumu yaliyokatwa kutoka kandambili kuukuu, kwa sababu kifuniko cha chupa huteleza na kandambili hushika.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi anayeingia dukani na ahakikishe mambo sita. Kwanza, ukubwa ulingane na kibandiko cha mlango. Pili, alama ya uzito isiwe chini ya ile iliyopendekezwa. Tatu, tarehe ya kutengenezwa isomwe kwenye matairi yote, si moja tu. Nne, aina ya meno ifuate ardhi ambako gari hutembea zaidi. Tano, ubavu usiwe na ufa, uvimbe wala kiraka. Sita, vali zibadilishwe pamoja na matairi, na magurudumu yasawazishwe kabla ya kutoka gereji.

Akipata fedha za matairi mawili tu, kwa magari mengi ni salama kuyafunga mapya nyuma, kwani gari likiteleza nyuma ni vigumu kulidhibiti kuliko likiteleza mbele. Yale ya mbele yabaki mazima, si vipara.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ni ya dakika tano kila asubuhi: kupima upepo, kutazama ubavu, kung'oa mawe yaliyokwama kati ya meno na kukagua spea, jeki na spana. Kwa dereva ambaye kituo cha pancha kilicho karibu kiko saa mbili kwa miguu, na gari lake limejaa maembe yasiyongoja, dakika hizo tano ndizo zinazoamua kama mzigo utafika sokoni.